Mkwe Aliyekutana na Tupu

Nasimiyu wa Bokoli hakuogopa kitu chenye pumzi. Akiona nyoka, alimpiga kwa mwiko. Fahali wa jirani alipovunja ua na kuingia kwenye mahindi yake, alimshika pembe akamrudisha kwao huku akimgombeza kama mtoto aliyetoroka shule. Alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, matanga, mikutano mikubwa ya kanisa, popote palipotakiwa sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, Nasimiyu aliitwa, naye akaja na mwiko wake mrefu begani. Kicheko chake kilitangulia chakula. Watu waliokuwa barabarani kuelekea Webuye walikisikia wakajua leo kwa fulani kuna kula.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumtimua mbio, na mtu huyo hata hakujaribu. Alikuwa mkwe wake, Ngige, kijana mpole mwenye sauti ndogo, mzaliwa wa mji uitwao Kwanza, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa kati. Alimwoa Nakhungu, binti pekee wa Nasimiyu, wakaenda kulima viazi na mahindi kule Saboti chini ya mlima.

Sasa, kwa Wabukusu wa umri wa Nasimiyu, mama hamkaribii mume wa bintiye. Hampi mkono, hali naye meza moja, haingii nyumba yake. Wakikutana njiani, mama ndiye anayeacha njia. Huo si ugomvi, ni heshima, na heshima hiyo hudumu mpaka mkwe amletee mama blanketi, nyama iliwe, na shahidi aone. Siku hizi wengi wamelegeza kamba. Nasimiyu hakulegeza hata uzi. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, na alijua jinsi mjane anavyosemwa upesi. Aliapa kwamba hakuna mdomo Bokoli utakaopata cha kutafuna juu ya nyumba yake.

Kwa hiyo alikimbia. Siku moja pale Webuye alimwona Ngige akija, akaruka mtaro akiwa na kikapu cha mayai kichwani. Yai halikuvunjika hata moja. Kilichovunjika ni kidole chake cha mguu. Mjini Bungoma alijificha nyuma ya magunia ya mbolea dukani, na Ngige, asiyejua lolote, akaegemea magunia hayohayo akapiga soga na mwenye duka kuhusu mvua mpaka Nasimiyu akaanza kupiga chafya. Mwenye duka alisema ni panya. Nasimiyu alisimulia kisa hicho kila alipokoroga ugali wa watu wengi, akicheka mpaka machozi yanaingia sufuriani.

Hata kisa cha mnyama wa Amerika alikisikia kupitia ukuta.

Ilikuwa siku Ngige alipokuja Bokoli kujitambulisha. Alikaa sebuleni na Mzee Hesbon, kaka ya marehemu mume wa Nasimiyu, aliyeshika usemi wa ukoo. Nasimiyu alikuwa jikoni, na aliyepeleka chai sebuleni badala yake ni jirani yake Rosaline, mchuuzi wa kabichi, mwanamke mwenye roho nzuri na masikio yasiyo na subira. Ngige alikuwa amesoma Amerika, na likizo alifanya kazi katika kiwanda cha samaki huko Alaska. Mzee Hesbon akamwomba asimulie.

Ngige akasimulia. Asubuhi moja alikuwa anapita njia ya msituni kwenda mtoni, na mara akatokea dubu mkubwa wa rangi ya kahawia, yule anayeogopwa kuliko wote, akasimama kwa miguu miwili, mrefu kuliko mlango. Watu wawili walikuwa wameuawa na dubu wilaya hiyo. Ngige alikumbuka alichofundishwa kiwandani: usikimbie, maana ukikimbia umejifanya nyama. Usimpe mgongo. Simama wima, inua mikono uonekane mkubwa, na mkiwa wawili simameni bega kwa bega muonekane mmoja. Kisha mwongeleshe kwa sauti ya chini. Ngige akainua mikono, lakini Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka, akamwongelesha dubu kwa Kikuyu. Dubu alizidi kuja. Akalala kifudifudi, mikono kisogoni, kama alivyofundishwa kwamba mambo yakifika huko ndiyo dawa iliyobaki. Pumzi ya mnyama ikamgonga shingoni, yenye harufu ya samaki. Dubu akanusa mkoba wake, akaurarua, akala chapati zote, akaenda zake.

Rosaline alirudi jikoni mbio, birika likimwagika.

"Mama Nakhungu! Ati huko Amerika mkwe wako arikutana na tupu!"

"Tupu?"

"Tupu, bana! Mkubwa, manywere mwiri mzima. Akasimama mbere yake hivi!"

Hapa ni lazima msomaji asiyetoka kwetu asaidiwe. Ulimi wa Bokoli mara nyingi haupatani na *d* wala *b*, na *l* huigeuza *r*. Dawa ni tawa, baba ni papa, kula ni kura, na dubu, maskini, akifika Bokoli huwa amevuliwa nguo.

Nasimiyu alijiziba mdomo kwa leso. Kijana huyu mpole amekutana na mtu uchi msituni, na anayasema mbele ya mzee! Akasogeza sikio ukutani. "Usikimbie," sauti ya Ngige ilikuwa inasema, "simama wima, mwongeleshe pole pole." Nasimiyu akaketi juu ya gunia la kuni, akacheka bila sauti hadi mbavu zikauma. Jioni bintiye alimweleza: ni mnyama, Mama, mkubwa kama fahali, anafanana na mbwa aliyenenepa. Nasimiyu akaelewa, ingawa ulimi wake uliendelea kumwita tupu. Rosaline naye aliambiwa. Nadhani alisahau kwa hiari, kwa kuwa tupu ni tamu kuliko dubu.

Basi, mwaka ule wa kura ya maoni ya katiba, yenye alama za chungwa na ndizi, Nakhungu akajifungua msichana hospitali ya Kitale. Wakamwita Nyaruai, jina la mama yake Ngige, kama ilivyo desturi ya upande wao. Nasimiyu alipopata habari aliimba kutoka shambani mpaka nyumbani. Kisha akaketi, akakumbuka: blanketi bado. Hawezi kukanyaga nyumba ya mkwe.

Ngige alikuwa amepanga kulileta. Kwanza mvua ikakata barabara. Halafu viazi vikaiva vyote mara moja. Halafu Mzee Hesbon akaugua mgongo. Mtoto akaanza kukaza shingo, akaanza kucheka, na bibi yake alikuwa anacheka naye kwenye simu ya kukodi kibandani. Nasimiyu, aliyelisha watoto wa wilaya nzima, hakuwa amembeba wa kwake. Hilo lilimuuma. Usiulize kama lilimuuma. Mwiko wenyewe ulijua.

Mwishowe akapata hila. Rosaline alikuwa anapanda Saboti kuchukua kabichi kwa pikapu. Nasimiyu angekwenda naye, Nakhungu angemleta mtoto kanisani, na bibi angembeba hapo, nyumba ya Mungu si nyumba ya mkwe. Hakuna desturi iliyovunjwa. Alifurahia akili yake njia nzima, akamshonea mtoto kofia ndani ya gari likirukaruka.

Asichojua ni kwamba asubuhi ileile Ngige alikuwa ameamua hatangoja tena. Alikuwa ameoga, amevaa koti, amebana kwapani blanketi jekundu lenye mistari myeusi, jipya, bado limo kwenye karatasi yake ya nailoni, na anashuka kwa miguu kwenda barabarani ili asafiri mpaka Bokoli kwa mama mkwe.

Walikutana kwenye kijia chembamba kati ya barabara na kanisa, ua wa miti ya miiba huku, majani marefu ya kulishia ng'ombe huku. Rosaline alikuwa amebaki nyuma kidogo akibishania kabichi. Nasimiyu akakata kona, na mbele yake, mita chache tu, mkwe.

Alifanya alichokifanya miaka yote. Aliruka. Leso yake ya kiunoni ilinaswa na miiba, ikabaki inaning'inia, naye akapenya pengo la ua akatua kwa magoti na mikono katikati ya majani.

"Mama, usikimbie!" Ngige alipiga kelele.

Nasimiyu alikasirika. Mkwe gani anamwamrisha mama mkwe namna hii? Akainua uso ili atafute pa kujificha zaidi, na mbele yake akamwona chui.

Chui alikuwa amelalia mbuzi. Mdomo wake ulikuwa na damu, masikio ameyalaza, na sauti iliyotoka kifuani mwake ilikuwa kama ya msumeno kwenye mbao mbichi. Alikuwa ameshuka na mbuzi huyo kutoka boma la Kipketer, jirani wa Ngige, na Kipketer mwenyewe alikuwa juu ya jiwe kule mteremkoni, rungu mkononi, akifuata alama za damu. Alipoona kilichokuwa kinatokea chini aliganda palepale.

Majani yakasukwasukwa nyuma ya Nasimiyu. Ngige, aliyeuona mkia wa chui kutoka kijiani, alikuwa ameingia.

"Usikimbie, Mama. Usimpe mgongo. Simama wima, pole pole." Maneno yalikuwa yaleyale. Nasimiyu aliyatambua. Alikuwa ameyasikia kupitia ukuta wa jiko lake. Akasimama.

Ngige akachana karatasi kwa meno, akakunjua blanketi, akaja kando yake. "Shika pembe hii. Inua. Tuwe mmoja, tuwe mkubwa."

Mbele yake chui, kando yake mkwe, bega la kijana likitaka kugusa la kwake. Nawaambia ukweli, kwa kitambo kidogo Nasimiyu hakujua yupi ndiye wa kukimbiwa. Kisha chui akapandisha mdomo akaonyesha meno, na swali likajibika. Akashika blanketi, akalinyanyua juu kadiri mkono ulivyofika, akabana bega lake kwenye bega la Ngige.

"Mwongeleshe, Mama," Ngige akanong'ona. "Mimi koo imekauka."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Kama dubu, Mama! Kama dubu!"

"Tupu, ndio, tupu, nimesikia!" alijibu Nasimiyu, na kwa kuwa hakuwa na maneno mengine ya kumwambia mgeni aliye mbele ya nyama, akatumia ya kazini. "Karibu, papa. Kura tu. Kura pore pore, nyama ni yako, hakuna mtu anakufukuza. Sisi tumeshiba. Kura, papa, kura."

Wakaanza kurudi nyuma, unyayo baada ya unyayo, blanketi juu, miguu minne chini. Chui alikitazama kile kitu chekundu chenye sauti ya kukaribisha. Sidhani alikuwa amewahi kukaribishwa na mtu. Akafunga mdomo. Akamng'ata mbuzi shingoni, akamburuta kuelekea miti ya mlimani, na majani yakatulia nyuma yake.

Upande wa pili wa ua, hayo yakiendelea, Rosaline alikuwa amefika. Yeye hakumwona chui, majani yalimficha mnyama. Aliona leso ya jirani yake inaning'inia kwenye miiba. Aliona blanketi jekundu likitikisika, na miguu minne chini yake, miwili ya kiume. Akasikia, kwa masikio yake mwenyewe, sauti ya Nasimiyu: "Tupu, ndio, tupu! Pore pore, papa." Kabichi ikamponyoka. Rosaline aligeuka, akaacha kabichi, akaacha pikapu, akafuata barabara, na kibanda cha kwanza chenye simu akakiingia.

Nasimiyu na Ngige walifika kijiani. Waliketi chini, wakatazamana, na kicheko kikawapanda wote wawili, kile cha mtu aliyejipapasa akajikuta mzima. "Umemkaribisha chui, Mama!" "Si arikuwa anakura? Ningesema nini?" Walicheka mpaka Kipketer akashuka, naye akaketi akacheka, ingawa mbuzi alikuwa wake.

Ndipo Nasimiyu akaona kwamba bega lake bado limeegemea bega la mkwe. Akaliachia blanketi kana kwamba limeshika moto.

"Mkwe, tumegusana."

"Samahani, Mama. Ilikuwa ni chui."

"Najua ni chui. Lakini tumegusana kabla ya wazee." Alitazama juu ya majani. Moshi wa jiko la Nakhungu ulionekana karibu kabisa, na mtoto alikuwa chini ya moshi huo. Machozi yakamtoka. "Sitafika kanisani. Kwanza nikaseme kwa Mzee Hesbon. Mtoto atangoja, na mimi nitangoja."

Akachukua leso yake kwenye miiba, akageuka.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lilikuwa limeshafika Bokoli kabla yake, tena kwa starehe. Kisimani wanawake walinyamaza alipokaribia. Mama mmoja aliyekuwa amempa kazi ya kupika harusi akasema harusi imeahirishwa, na hakumtazama usoni. Jioni Mzee Hesbon akatuma neno: kesho wazee wataketi, mkwe aje, na Nasimiyu akae jikoni mpaka aitwe.

Kesho yake uwanja wa Mzee Hesbon ulijaa kuliko Krismasi. Ngige alifika na blanketi lake lenye matope na miiba, akiwa na Kipketer. Nakhungu alibaki langoni na mtoto mgongoni. Rosaline aliketi mbele, mikono imekunjwa, kama shahidi wa serikali.

"Mwanangu," Mzee Hesbon alianza, "mimi sitazunguka. Wewe na mama mkwe wako mrikuwa chini ya branketi moja?"

"Ndio, mzee."

Uwanja ukaguna.

"Na mrikuwa tupu?"

Ngige alikuwa amezoea ulimi wa wakwe zake, akasikia alichotaka kusikia. "Ndio, mzee, tulifanya kama dubu. Mimi ndiye niliyemfundisha Mama."

Bibi mmoja alijifunika uso kwa leso. Mzee Hesbon akavua kofia.

"Ulimfundisha?"

"Nilifundishwa Amerika, mzee. Huko ni lazima. Wanaanza na watoto shuleni."

"Watoto!"

"Ndio, mzee. Hata kanisani hubandika picha."

"Mungu wangu," alisema Mzee Hesbon kwa sauti ndogo.

Jikoni kwa Mzee Hesbon, Nasimiyu alikuwa ameweka sikio ukutani kama siku ile ya chai. Aliposikia neno "kanisani", uvumilivu ulikwisha. Akatoka mbio mpaka katikati ya uwanja, mbele ya wazee, mbele ya mkwe.

"Si tupu!" alipiga kelele. "Ni tupu!"

Watu wakatazamana.

"Si tupu ya nguo! Ni tupu ya msitu!" Alijaribu tena, akauma ulimi, ikatoka tupu ileile. Basi akaacha maneno. Akainua mikono juu, akatanua vidole kama makucha, akasimama kwa vidole vya miguu, akanguruma kwa sauti iliyowahi kuita watu mia tano waje kula. Kuku wakaruka. Mtoto wa Nakhungu alianza kulia langoni.

"Chui," Kipketer akasema. "Wazee, kulikuwa na chui. Alikuwa anakula mbuzi yangu. Mimi nilikuwa juu ya jiwe, nimeona yote. Huyu mama alimwambia akule pole pole, na chui akasikia."

Kisha yule bibi aliyejifunika leso akaanza kutikisika mabega, na kicheko kikazunguka uwanja mzima kikarudi. Rosaline alicheka mpaka akalia kweli, akatambaa akamshika Nasimiyu miguu. "Nisamehe, dada. Masikio yangu ni ya kabichi." Nasimiyu akamwinua, akamkumbatia, akamwambia harusi ijayo yeye ndiye atakayemenya vitunguu vyote.

Mzee Hesbon alingoja wapumue. Akavaa kofia yake.

"Lakini waligusana," alisema. Nasimiyu akainamisha kichwa. "Sasa tuurizane. Heshima ya mkwe inaisha na nini? Branketi. Ngige, uriletea mama branketi?"

"Nilikuwa nalileta, mzee. Alilishika yeye mwenyewe."

"Ariishika. Na nyama iriwe. Nyama iliriwa?"

"Aliikula chui," Kipketer akasema.

"Desturi haisemi nyama iriwe na nani. Na shahidi?"

Kipketer akainua rungu.

Mzee Hesbon akaegemea nyuma, amejawa na furaha ya mtu aliyepata neno zuri uzeeni. "Basi imekwisha. Imefanyika huko Saboti, na mgeni wa heshima arikuwa chui. Ngige, utamtafutia Kipketer mbuzi. Wewe Nasimiyu, nyumba ya mkwe wako ni yako. Acha kuruka mitaro, umezeeka."

Ngige alikwenda langoni. Akamfungua Nyaruai mgongoni kwa mama yake, akambeba mpaka alipo Nasimiyu, akamnyooshea. Mikono yao iligusana chini ya mtoto, na safari hii hakuna aliyeivuta.

"Asante, mwanangu," Nasimiyu alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Alimfunika mtoto blanketi lile jekundu, na matope yake na miiba yake. Nyaruai alitazama uso huu mpana ulionguruma dakika chache zilizopita. Mdomo ukamkunjamana, akajipinda, akasukuma kifua cha bibi yake kwa ngumi mbili ndogo, akitaka kurudi kwa mama.

Nasimiyu akamkaza kidogo, akainamisha mdomo kwenye sikio lake.

"Usikimbie, mama," alimnong'oneza. "Mimi nimekimbia kwa niaba yetu sote."